Mkasi kwa Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu alikuwa kinyozi, na watu wote walimwita Wembe. Hata sisi nyumbani tulilizoea jina hilo, isipokuwa mama. Mama alimwita "mwanangu", kana kwamba hakuzaa mwingine, na mimi niliyemtangulia nimekaa pale pale nachambua mboga. Sikuona wivu. Kitinda mimba ni kitinda mimba.

Naandika haya kwa sababu sauti yake imeanza kunipotea, na nimegundua kwamba nikizipitia zile wiki za mwisho, hurudi kidogo.

Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi upya kibao cha duka lake. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya sabuni aliyomwaga mwenyewe, maana hakupenda nywele za wateja zilale chini. Ngazi ikateleza, kisogo kikagonga ukingo wa baraza. Nilipofika hospitali nilimkuta na mpira kooni na mashine inamvutia pumzi. Fyuu, kimya, fyuu. Wiki kadhaa baadaye akafumbua macho. Mama alipiga kigelegele wodini mpaka muuguzi akaja mbio kumnyamazisha. Kisha tukaona kwamba macho yale hayamfuati mtu. Ukipita mbele yake yanabaki palepale ukutani, kama taa za gari ambalo dereva ameshuka akasahau kuzizima.

Daktari wa ubongo alituita ofisini, mimi, mama na mjomba. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mashine za kupumulia tunazo chache, na wanaozisubiri ni wengi," alisema. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi jopo la madaktari litakaa. Kama yumo, ataendelea na mashine. Kama hayumo, tutaitoa."

"Yumo wapi?" mjomba akauliza.

Daktari akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Humu."

Akatuambia kuna utafiti unafanyika palepale hospitalini, wa kuwatafuta watu kama Wembe ambao miili imekaa kimya lakini huenda akili iko macho. Watampiga picha za ubongo kwenye mashine ya sumaku huku wakimsemesha. Tukikubali, majibu yatapelekwa kwenye jopo. Mama alisema ndiyo kabla daktari hajamaliza sentensi.

Aliyetueleza vizuri ni mtakwimu wa utafiti ule, mwanamke mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, aliyekuja kukaa nasi kwenye benchi la korido huku akila mkate kutoka kwenye mfuko. Mjomba alimbatiza Mama Hesabu papo hapo, naye hakukasirika.

"Tunamvalisha vipokea sauti," alisema. "Tunamwambia, fikiria unakata nywele. Baadaye tunamwambia, pumzika. Tunarudia hivyo hivyo mara nyingi. Mtu akifikiria kwamba mkono wake unafanya kazi, ile sehemu ya ubongo inayouongoza mkono huo inaita damu zaidi. Mashine inaiona damu. Mimi kazi yangu ni kulinganisha, vipindi vya kufikiria na vipindi vya kupumzika. Vikitofautiana vya kutosha, basi alisikia, akaelewa, akatii."

"Na kutosha ni kiasi gani?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye ugomvi wote." Akakohoa. "Picha ya ubongo tunaigawa vipande vidogo kama punje za mchele. Ni maelfu kwa maelfu. Ukiiuliza kila punje kama ilibadilika, zipo zitakazosema ndiyo kwa bahati tu. Wewe ukisimama sokoni ukaita 'Mama!', watageuka wanawake wangapi? Wote wamekuzaa?"

"Wengine watageuka ili wakutukane," mjomba akasema.

"Basi ndiyo hivyo. Kwa hiyo hatuiti sokoni. Tunachagua nyumba moja kabla ya kutoka, tunasema tutabisha mlango huu, na tunabisha huo tu. Siku najifunza kazi niliipiga picha chupa ya maji, ile wanayopimia mashine, halafu nikauliza punje zote bila mpango. Nikapata sehemu mbili zinazofikiria."

"Chupa?"

"Chupa. Maji matupu."

"Labda ilikuwa na akili kumshinda bosi wangu," mjomba akasema, na mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ngazi iteleze. Nilimpenda yule mwanamke kwa kicheko kile.

Siku ya picha waliniambia nivue kila kitu cha chuma. Nilikwenda kwenye kachumba ka pembeni kuvua hereni na kutoa vibanio nywelini. Mama hakuwa na cha kuvua, kwa hiyo alibaki na fundi wa mashine kando ya kitanda, akijibu maswali ya mwisho. Sikusikia walichoulizana. Niliporudi Wembe alikuwa ameshaingizwa, zinaonekana nyayo zake tu, na mashine imeanza kugonga kama mtu anayevunja ukuta. Nyayo zile hazikutikisika hata kidogo. Mama alisimama nyuma ya kioo, midomo ikimchezacheza.

Tuliitwa kupewa majibu wiki ya mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku chache jopo likae. Daktari alikuwepo na Mama Hesabu alikuwepo, safari hii bila mkate. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya kijivu, ubongo uliokatwa kama nusu ya kabichi.

"Huyo ndiye yeye?" mama akauliza.

"Ndiye, mama," Mama Hesabu akajibu taratibu.

Daktari akasema, "Sehemu tuliyoichagua haikufika kizingiti, kile kiwango cha kutosha. Haikukaribia hata. Pole sana."

Mama hakulia. Alichukua mkoba wake akauweka magotini, akaufungua, akaufunga. Mjomba akaangalia dari. Mimi, sijui kwa nini, niliuliza swali la mtu asiyetaka kuondoka.

"Ni sehemu gani hiyo?"

Mama Hesabu akanionyesha kwa kalamu. "Hapa, upande wa kushoto. Ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia."

"Na kwa nini mkono wa kulia?"

"Si ndio anaokatia nywele?"

Nikaisogelea meza. "Nani aliwaambia?"

Daktari akamtazama mama. Mama akanyoosha mgongo. "Mimi. Nimeulizwa, mwanao anatumia mkono gani, nikasema wa kulia. Sasa nilitakiwa niseme upi?"

"Mama, Wembe anakata nywele kwa mkono wa kushoto."

"Wee! Mwanangu hana mashoto."

"Mama..."

"Hana! Alikuwa nayo akiwa mdogo, nikamtoa. Kula kwake kulia, kuandika kwake kulia, kusalimia watu kulia. Usinitie aibu mbele za watu."

Niligeukia kioo cha kompyuta. "Dada," nikamwambia Mama Hesabu, "si mmepiga picha kichwa kizima? Upande wa pili si upo humo humo? Basi tazama. Sogeza tu hiyo kalamu, utazame."

Hakusogeza. Alikuwa amebadilika rangi.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Mlango tuliosema tutabisha tumebisha, na umekaa kimya. Nikienda wa pili sasa kwa sababu wa kwanza haukufunguliwa, nitakuwa nimerudi sokoni. Nikikuta kitu, sitajua kama ni yeye au ni ile chupa ya maji."

"Lakini hii siyo bahati nasibu! Mimi sijauchagua upande huo leo. Amezaliwa nao!"

"Naamini unaamini hivyo. Ila umeniambia baada ya kusikia kwamba tumeshindwa, na mama yako aliyemzaa anasema sivyo. Nyinyi wenyewe hamjakubaliana, dada."

Nilipiga magoti. Sioni haya kuliandika. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya ofisi, karibu na ndoo iliyokuwa inakinga maji ya kiyoyozi, nikamshika miguu mwanamke ambaye nilikuwa simjui mwezi mmoja nyuma. Mjomba akaninyanyua kwapani.

"Simama, mpwa wangu. Dada," akamgeukia mama, "huyu kijana amenikata nywele tangu afungue duka. Ni kushoto. Mkasi kushoto, wembe kushoto, hata poda ananipaka kwa kushoto."

"Mnanizulia."

"Umewahi kumwona akikata?"

"Mara ngapi nimekwenda pale dukani!"

"Na ulimwona na mkasi mkono gani?"

"Wa kulia!"

Mjomba akashusha sauti. "Alikuwa anauhamisha, dada. Akikuona unavuka barabara anasema, 'Jamani, mkuu wa majeshi huyo', anahamisha mkasi kulia, anajifanya anasubiri mteja ageuze shingo. Wewe ukiingia anaacha kabisa, anakutafutia kiti na soda. Ukiondoka, anarudi kushoto. Duka zima tunacheka."

Mama aliangalia uso wa mjomba, kisha wangu. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Akasimama akatoka nje bila mkoba wake.

Nilidhani tumeshinda. Kumbe nilikuwa nimemvuta mdogo wangu kutoka kwenye kamba ya mwisho. Daktari alikuna kidevu, akasema, "Kuna tatizo jingine. Utafiti huu unachukua watumiao mkono wa kulia peke yao. Wa kushoto ubongo wao mara nyingine umepangika tofauti, ukiwachanganya na wengine wastani unavurugika. Kama ni kweli mnavyosema, hakutakiwa kuwemo tangu mwanzo. Itabidi atolewe."

"Atolewe, halafu?"

"Halafu jopo litakaa bila majibu yoyote. Na jopo likikosa majibu hutazama macho yake, na macho yake mmeyaona."

Nilimkuta mama mwisho wa korido, amekaa kwenye ngazi za kushukia. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemtoa mwanangu kwa mdomo wako," akasema.

Tulikaa pale watu wakitupita, wengine na vikapu vya chakula, mmoja na mtoto mgongoni. Baadaye akaanza kuongea, haniangalii.

"Nilimfunga kitambaa. Mkono huu. Asubuhi namfunga, jioni namfungua. Alikuwa analia akishindwa kushika kijiko. Nikamfinya. Nilikuwa nawaogopa watu, watasema mtoto wa yule mama anakula kama asiyefundwa. Kumbe mtu mzima na duka lake, bado ananiogopa."

"Hakukuogopa, mama. Alikuheshimu."

"Usinidanganye. Kuogopa nakujua."

Mama Hesabu ndiye aliyetufuata hadi pale. Alikaa kwenye ngazi ya chini yetu, akakohoa, akasema kwamba ameongea na fundi. Kesho saa ya chakula cha mchana mashine inakaa bure kidogo, kabla ya wagonjwa wa mchana. Haitakuwa sehemu ya utafiti. Itakuwa ya Wembe mwenyewe. Daktari amekubali kwa shingo upande.

"Safari hii nimeshasema ni mlango upi," akasema. "Upande wa kulia wa ubongo, sehemu ya mkono wa kushoto. Nimemwambia daktari na fundi, wote wamesikia. Ukifunguka, nitasimama mbele ya jopo niseme yumo. Ila mjue muda ni mfupi. Vipindi ni vichache, na vikiwa vichache kizingiti kinakuwa kigumu kuvuka. Hatuna hata kimoja cha kupoteza."

Mama akasema, "Nani atamsemesha?"

"Fundi, kama kawaida. Maneno ni yale yale."

"Hapana. Mimi."

"Mama, ni lazima maneno yawe yale yale kila mara, bila kuongeza."

"Mimi ndiye niliyemkataza huo mkono. Mkimwambia nyinyi kushoto, hatawasikia. Atasubiri niseme mimi."

Mama Hesabu alikohoa kwenye kiganja. Nilidhani atakataa. Alisema, "Sawa, mama. Ni neno moja tu la kufikiria na neno moja la kupumzika. Pakiwa na mapumziko, ni kimya. Kimya kile kina kazi sawa na maneno, maana ndicho ninacholinganishia. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Jioni ile mama alijizoeza mbele ya jiko, anakoroga chungu huku akisema kwa sauti ya mtu anayesoma, "Fikiria unakata nywele kwa mkono wa kushoto. Pumzika. Fikiria unakata nywele kwa mkono wa kushoto. Pumzika." Mjomba alipita akasema, "Dada, ukiendelea hivi mboga nayo itaanza kunyoa." Mama alimrushia mwiko. Nilicheka hadi nikalazimika kutoka nje, na nilipokuwa nje sikuwa nacheka tena.

Kesho yake mchana tulikuwa nyuma ya kile kioo. Nyayo za Wembe zilikuwa zinaonekana, mashine ya pumzi imeunganishwa kwa mpira mrefu kutoka chumba cha pili. Fundi alimwekea mama kipaza sauti, akamwonyesha taa ndogo. Ikiwa ya kijani, sema fikiria. Ikiwa nyekundu, sema pumzika, kisha nyamaza. Mama Hesabu alikaa kando yake, mikono imekumbatia magoti.

Kijani.

"Fikiria unakata nywele kwa mkono wa kushoto," mama akasema. Sauti yake haikuyumba.

Nyekundu.

"Pumzika."

Kijani, nyekundu. Kijani, nyekundu. Mashine inagonga. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nikiomba kwa namna ambayo sijaomba tena tangu siku ile. Nilimwomba Wembe, siyo Mungu. Nilisema moyoni, kata, mdogo wangu, kata nywele za dunia nzima, kata upara ukitaka, lakini kata.

Kisha ikaja nyekundu. Mama akasema, "Pumzika." Akanyamaza kidogo. Halafu akainama hadi midomo ikagusa kipaza sauti.

"Mwanangu," akasema. "Nisamehe ule mkono. Nilikuwa mjinga. Usihamishe mkasi. Hata nikiingia mimi, usihamishe. Unanisikia, baba? Nisamehe."

Fundi alinyoosha mkono kuelekea swichi, akamtazama Mama Hesabu. Mama Hesabu alikuwa amefumba macho. Taa ikawa kijani, na mama, machozi yanamtiririka hadi shingoni, akasema maneno yale kama kawaida, bila kukosea hata neno. Nyekundu ikarudi, akasema pumzika, na akaendelea tena kumsihi. Nilimshika bega. "Mama, kimya." Akashtuka kama aliyeamshwa. Alikuwa hajui kwamba anasema kwa sauti.

Wagonjwa wa mchana walikuwa wameshajipanga nje. Mashine ikazimwa.

Siku iliyofuata Mama Hesabu alituita kabla ya jopo kukaa. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hakuwa anakohoa, utadhani hata kikohozi kimechoka.

"Upande wa kulia, pale pale tulipopanga, kuna kitu," akasema.

Mjomba akapiga kofi. "Nilisema!"

"Subiri, mjomba. Kuna kitu, kinaelekea kwenye ndiyo. Lakini hakikuvuka kizingiti. Kimeishia chini yake kidogo. Watu wasiosikia chochote wakipigwa picha kama hii, wamo wachache watakaoonyesha kiasi hiki kwa bahati tu. Siwezi kusema yeye si mmoja wao."

"Kingevuka kama ingekuwaje?" nikauliza, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Alisita. "Vipindi viwili vya mapumziko sikuweza kuvitumia. Havikuwa kimya. Niliviondoa kabla ya kufungua chochote, ndiyo kanuni. Vilivyobaki havikutosha."

Hata mjomba, ambaye nimemsikia akitania makaburini, alikaa na mdomo wazi.

"Ni mimi," mama akasema.

"Mama, huenda hata vingekuwepo..."

"Ni mimi. Usinipake mafuta."

Mama Hesabu aliingia kwenye jopo na tukamsubiri nje. Tulimsikia kupitia mlangoni, maana alipandisha sauti. "Siwezi kuwaambia kwamba yumo. Lakini msiandike kwamba nimesema hayumo. Kukosa ndiyo siyo hapana!" Sauti nyingine ikamjibu kwa upole. Kisha viti vikaburuzwa.

Walitoka na uamuzi ambao hatukuwa tumeutegemea. Kwa kuwa majibu hayakukaa huku wala kule, familia iseme yenyewe. Mashine iendelee, au itolewe. Tupewe siku za kufikiria.

Nilitamani watuamulie wao. Nililia njia nzima kwa hasira. Tulikuwa tumepiga magoti, tumeaibishana, mama amevuliwa nguo mbele ya watu wazima, ili hesabu itoe jibu. Na hesabu ikachukua swali letu, ikaliangalia kila upande, ikaturudishia mikononi.

Mjomba alisema nyumbani, "Dada, mimi nasema yule mtoto ameshaondoka. Tunamsumbua." Mama akasema, "Toka." Mjomba akasema, "Sitoki, nami ni wangu." Wakakaa pande mbili za meza wakilia, na mimi katikati naambiwa na kila mmoja, mwambie mama yako, mwambie mjomba wako. Kila nilipofungua mdomo kusema itolewe, nilimwona Wembe anahamisha mkasi. Kila nilipofungua kusema iendelee, niliyaona yale macho ukutani.

Hatukuwahi kujibu. Kifua chake kiliingia maji na homa ikapanda, na alfajiri ya siku tuliyotakiwa kupeleka jibu, alikufa mashine ikiwa bado inamvutia pumzi. Muuguzi aliniambia kifua kiliendelea kupanda na kushuka kwa muda baada ya moyo kusimama, mpaka alipozima. Nilipomwosha mikono, wa kushoto ulikuwa na sugu pale kidole gumba kinapoingia kwenye mkasi. Ilikuwa imeanza kulainika.

Mama Hesabu alikuja msibani. Hakujulikana na mtu, akasimama mlangoni na viatu mkononi. Mama alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, hajasema neno tangu mazishi. Alipomwona, alisogea akapiga mkeka kwa kiganja. Kaa hapa.

Walikaa muda mrefu. Mimi nilikuwa nagawa vikombe, nikapita karibu, nikasikia mama anauliza, "Vile vipindi nilivyoharibu. Vile ulivyovitoa. Umevichoma?"

"Hapana, mama. Vipo."

"Ndani yake, pale niliposema nisamehe, kama alisikia, kitaonekana kitu?"

Mama Hesabu aliangalia kikombe chake. "Nikivifungua, nitakachoona hakitakuwa jibu. Hatukukipanga. Sitaweza kukuambia ni yeye au ni bahati."

"Sitaki jibu. Jibu la nini sasa? Nataka kuona."

Nilisimama na sinia langu. Niliona yule mwanamke anapambana na nafsi yake, mtu ambaye nilimshika miguu na hakusogeza kalamu. Machozi yakamjaa. Akasema, "Sawa, mama. Wiki ijayo njoo. Nitakufungulia."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Akaanza kukunja upindo wa nguo yake, anaukunja na kuukunjua. Wanawake upande wa pili walikuwa wanaulizana nani ameondoka na sufuria kubwa. Ghafla mama akamshika Mama Hesabu kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka chai ikamwagika mkekani.

"Hapana," akasema. "Usifungue. Nakuomba usifungue. Ukikuta kimya, mimi nitakwenda wapi?"

Mama Hesabu alisema hatafungua. Mama hakumwachia. Niliweka sinia chini nikaleta kitambaa, nikafuta chai kuwazunguka wao wawili, na mama bado amemshika, anarudia lile lile, mimi nitakwenda wapi.